Mlio wa Manifoldi

Lori lililolala Isiolo hutoa siri yake linapowashwa alfajiri. Tiki, tiki, tiki, mlio unapanda na kushuka pamoja na kasi ya injini. Dereva, ambaye ameshachelewa, atasema ni valvu zinataka kurekebishwa. Fundi hambishii. Anaiacha injini ingurume robo saa, anasogeza sikio, na mlio unafifia kadiri chuma kinavyopata moto mpaka unapotea kabisa. Valvu hazijitibu hivyo. Manifoldi ya ekzosi ina ufa, na joto limekitanua chuma likauziba kwa muda.

Kipande chenyewe hakina sura ya kupendeza. Kimefungwa ubavuni mwa hedi, kizito, chenye kutu ya rangi ya matofali, na kazi yake ni kupokea moshi wa kila silinda na kuuelekeza kwenye bomba moja. Wapiga picha wa magari hawakitazami. Lakini ni vipande vichache vya nje ya injini vinavyoteswa kama hicho. Moshi wa dizeli chini ya mzigo mzito unafika nyuzi 600 hivi. Manifoldi yenye urefu wa sentimita 60 ikipanda nyuzi 500 hurefuka karibu milimita 3, ilhali hedi iliyoishikilia, inayopozwa na maji, hairefuki kiasi hicho. Kitu lazima kikubali. Kikikataa chuma, hukatika bolti. Zikikataa bolti, hupasuka chuma. Ndiyo maana katika injini nyingi kubwa za silinda sita manifoldi huundwa kwa vipande viwili au vitatu vinavyoingiana, vipate kuteleza.

Na Isiolo ni mahali pa kukitesa chuma. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Lori lililojaa mbuzi wa kupelekwa Nairobi linaondoka kwenye joto la mji na kuanza mara moja kupanda kuelekea Timau, zaidi ya mita 1,000 juu, ambako ukungu na mvua ya mlimani vinalisubiri. Upande wa kaskazini ni hadithi nyingine. Lami ya kwenda Moyale, kilomita 500 hivi, ilikamilika katikati ya miaka ya 2010, na madereva wa zamani bado wanahesabu safari zao kwa siku walizolala njiani. Ila ukikata kona kwenda Merti, unarudi kwenye vumbi na matuta madogomadogo yanayotikisa kila bolti. Mvua za Aprili na Novemba zinapojaza laga, yaani mito ya msimu, kuna dereva asiye na subira atakayeingia majini injini ikiwa bado inawaka moto. Chuma chekundu na maji baridi! Matokeo yake huletwa gereji yamefungwa kwenye gunia.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na watu wengi hudhani unaanza dukani.

Fundi mzuri hanunui manifoldi mpya kabla ya kuisoma ile iliyokufa. Anatafuta masizi: mstari mweusi uliochorwa kwenye hedi unaonyesha ni tundu gani lililovuja na kwa muda gani. Anaining'iniza kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti ya mtungi uliovunjika. Ufa usioonekana anautafuta kwa njia ya zamani ambayo bado haijashindwa: anaipaka mafuta ya taa, anaipangusa ikauke, kisha anaipaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kuchora mstari juu ya weupe. Mwisho analaza rula ya chuma juu ya midomo yake yote na kutazama mwanga upande wa pili. Mwanga ukipita, imepinda.

Kila alama ina maana yake katika ununuzi. Ufa katikati ya silinda mbili ni kazi ya joto. Bolti zilizokatika mwishoni, mbele na nyuma, zinasema chuma kilinyimwa nafasi ya kurefuka. Ufa karibu na shingo ya bomba ni kesi tofauti kabisa: mara nyingi kishikizo cha ekzosi kilikatika zamani, bomba zima likawa linaning'inia kwenye manifoldi. Anayenunua mpya bila kurudisha kishikizo hicho ananunua mbili.

Kanuni hiyo ya kuchunguza kabla ya kununua haijui mipaka ya nchi kavu. Boti za kasi zinazotumia injini kubwa za V8 za petroli, aina inayopendwa Marekani, zina manifoldi yenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hupita maji ya kupoza, kwa kuwa chuma chenye moto mkali hakifai kuachwa wazi ndani ya boti. Baharini, chumvi inaula ukuta kutoka ndani huku nje rangi ikimeremeta. Siku ukuta unapotoboka, maji huingia silinda. Na kwa vile maji hayashindiliki kama hewa, konrodi hupinda. Injini za mashindano zina tatizo la ziada: valvu zao hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu, hivyo injini ikiwa inazunguka polepole inaweza kuvuta maji kutoka kwenye ekzosi na kuyarudisha ndani. Kwa hiyo mwenye boti ya baharini habadilishi manifoldi kwa kusubiri dalili. Hubadilisha kwa kuhesabu miaka. Anauliza maji yatakutana na moshi wapi. Fundi wa Isiolo anauliza joto litapitia wapi. Wote wawili wanamtafuta aliyemuua marehemu.

Baada ya uchunguzi ndipo pesa zinatoka. Kuna mpya ya kampuni, kuna ya kuiga, kuna iliyotumika Japani, na kuna ya zamani yenyewe kuchomelewa. Ya kuiga inapimwa kwa mikono kabla ya macho: nyepesi kuliko ya awali ina kuta nyembamba. Kisha gasketi inalazwa juu ya matundu yake, maana tundu lililo dogo kuliko la hedi litaukaba moshi. Iliyotumika isidharauliwe. Chuma kilichopashwa moto na kupozwa mara elfu bila kupasuka kimeshafaulu mtihani wake, ilimradi rula inakikubali.

Kuchomelea ndiko kunakomtenganisha fundi na mwenye mashine ya kuchomelea. Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4 na hakipendi haraka. Hupashwa moto chote kwanza, huchomelewa kwa vijiti vya nikeli, sentimita chache kwa wakati, kila mshono ukigongwagongwa ungali moto, kisha hufukiwa kwenye majivu kipoe hadi kesho. Anayekimwagia maji atasikia ufa mpya kwa masikio yake.

Wapo pia wanaotaka nguvu zaidi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 na silinda sita, ilitoka kiwandani bila tabo (turbochaja). Anayeiongezea hulazimika kubadilisha manifoldi, kwa sababu tabo hubebwa nayo. Tabo nzito juu ya manifoldi nyembamba, katika njia ya Merti, ni ufujaji wa pesa.

Bolti hufungwa kuanzia katikati kwenda ncha, kidogo kidogo, na baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa baridi, hukazwa tena. Dereva anayepitiliza bila kusimama kwa kazi hiyo ya dakika 20 atazikaza Laisamis, njiani kwenda Moyale, kwa spana ya kuazima.