Mwenye Kasi Ndiye Apishe

Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga, na methali hiyo ndiyo sheria halisi ya barabara za Juba. Gari kubwa la shirika hupishwa na teksi, teksi hupishwa na bodaboda, bodaboda hupishwa na baiskeli, na baiskeli nayo humsukuma mtembea kwa miguu hadi ukingoni mwa mtaro. Kundi la waendesha baiskeli wenye kasi likiingia mtaa kama Hai Amarat huikuta ngazi hiyo imekwisha kusimamishwa. Linajikuta chini ya magari, lakini juu ya mwanagenzi aliyenunua baiskeli juzi, juu ya kijana anayepeleka maji, juu ya mfanyakazi anayerudi nyumbani kachoka. Ni rahisi basi kundi kudhani kwamba wote hao wana wajibu wa kulipisha. Hoja ya uchambuzi huu ni kinyume chake: baina ya baiskeli na baiskeli, mwenye kasi ndiye apishe, na sababu yake inatoka kwenye hesabu ya mita na sekunde kabla ya kutoka kwenye huruma.

Tuangalie kwanza kundi linapata wapi kasi yake. Mwendeshaji akifika kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kupasua hewa. Anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa, na kundi likiwa kubwa kinga huzidi. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walichunguza kundi la waendeshaji 121 wakakuta kwamba walio ndani kabisa hukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa unaompata anayeendesha peke yake kwa kasi ileile. Kinga hiyo ina bei yake. Ili uipate, gurudumu lako la mbele linakaa nusu mita hivi nyuma ya gurudumu la mwenzako, na unachokiona hapo ni mgongo wake, barabara huioni. Akishika breki kwa nguvu, nusu mita hiyo huisha kabla ya nusu sekunde kupita, ilhali mtu wa kawaida huhitaji karibu sekunde nzima kutambua hatari na kuitikia. Usalama wa kundi kwa hiyo hautegemei wepesi wa macho. Unategemea kila mmoja kufanya kile ambacho wenzake wanakitarajia.

Mwanagenzi ndiye asiyeweza kutoa ahadi hiyo. Akigeuza kichwa kutazama nyuma, baiskeli hukifuata kichwa. Akiona jiwe dogo hulikwepa kwa upana wa mlango. Akichoka huyumba. Hafanyi hivyo kwa ukaidi, kwani mwili wake bado haujajifunza. Kwa kilomita 15 kwa saa atahitaji takriban mita 6 kusimama, wakati anayekwenda kilomita 40 atahitaji zaidi ya mita 20: 11 zinapotea kabla vidole havijakaza breki, na nyingine 12 hivi zinapotea breki ikifanya kazi. Isitoshe, wa nyuma anamwona wa mbele, na wa mbele hana jicho kisogoni. Aliye na taarifa na pia anayehitaji nafasi kubwa zaidi ni mtu yuleyule, naye ni mwenye kasi. Kumtwika wajibu yule asiyeona na asiyejua ni kuupeleka mzigo mahali usipoweza kubebeka.

Kupita kunakofanywa vizuri huanza mbali. Kiongozi wa kundi akimwona mwendeshaji wa polepole mita 50 mbele, tofauti yao ikiwa kilomita 25 kwa saa, ana sekunde 7 hivi. Za mwanzo ni za kuwaarifu walio nyuma, kwa mkono na kwa sauti, ili wote walegeze kukanyaga kwa pamoja. Kinachoangusha makundi mara nyingi ni mmoja kupunguza mwendo bila wenzake kujua. Kengele inapigwa mapema, waliokuwa wawili wawili wanajipanga mmoja mmoja, kasi inashuka hadi kama kilomita 25, na baina yao na anayepitwa inaachwa nafasi ya mita moja na nusu. Hatua inayosahauliwa ni ya mwisho. Mwanagenzi akipitwa na baiskeli ya kwanza hudhani jambo limekwisha, hushusha pumzi na kurudi katikati ya njia. Lakini waendeshaji 12 waliojipanga mmoja mmoja hufikia urefu wa mita 30, na kwa tofauti ya kilomita 10 kwa saa huchukua karibu sekunde 11 kumpita wote. Ndiyo maana wa kwanza hutaja idadi yao, wa mwisho hutamka kwamba ndiye wa mwisho, na hakuna anayerudi upande wake kabla mkia haujapita.

Juba ina ugumu wa ziada ambao Kampala na Nairobi hazina. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini ikabaki huko baada ya uhuru wa 2011. Uganda na Kenya bado ziko kushoto. Ilhali mji umejaa watu waliojifunza barabara kwa majirani hao: wafanyabiashara, mafundi, na wananchi waliorudi kutoka ukimbizini. Magari mengi yenye usukani wa kulia yanakumbusha hilo kila siku. Mtu aliyekulia Kampala akisikia kishindo nyuma yake, mwili husogea kushoto kabla akili haijaamua, na Juba kushoto ndiko kundi linakopita. Kengele inayopigwa sekunde moja kabla ya kumfikia inaweza basi kuwa na madhara makubwa kuliko ukimya, kwa kuwa inamwamsha bila kumpa muda wa kuchagua. Kumpigia ukelele wa "Kushoto!" si dawa pia: mmoja ataelewa anaarifiwa kundi linakopita, mwingine ataelewa anaamriwa aende huko. Utaratibu unaofaa ni kupiga kengele mapema, kutazama amesogea wapi, kisha kupita.

Watakaopinga watasema mwenye mwendo mdogo akae pembeni, yaishe. Pembeni ni wapi? Lami inapoishia huanza mchanga, changarawe na mtaro. Msimu wa mvua, takriban Aprili hadi Oktoba, dimbwi huficha shimo ambalo jana lilionekana. Anayebeba maji ana hali ngumu zaidi. Dumu la lita 20 lina kilo 20, madumu manne ni kilo 80, nayo yananing'inia kwenye fremu na keria. Baiskeli iliyobeba hivyo haikwepeshwi ghafla. Ikitoka kwenye lami huanguka, na maji yaliyomwagika ni pato la siku. Mwanagenzi na mchuuzi wa maji hukaa kidogo ndani ya barabara kwa sababu hapo ndipo matairi yao yanaposhika. Kuwataka wahame ni kuwataka wahatarike ili wengine wasipunguze mwendo.

Wengine watasema mazoezi ya kasi hayana maana ukivunja mwendo kila mara. Hesabu inajibu. Mita 200 kwa kilomita 40 kwa saa ni sekunde 18. Kwa kilomita 25 ni sekunde 29. Kupita mara moja kunagharimu sekunde 11, na kupita mara kumi hakufikishi dakika mbili. Anayetaka barabara ndefu isiyokatizwa angeelekezwa kwenye lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliyokamilishwa mwaka 2012, lakini njia hiyo imekumbwa na mashambulio mara nyingi mno hata isiweze kuwa uwanja wa mazoezi. Kwa hiyo kugawana barabara za mjini hakuepukiki. Na anayesema hatari kubwa ni magari, hivyo adabu baina ya baiskeli ni anasa, asahihishwe: magari ndiyo hatari kubwa, na ndiyo maana mwanagenzi aliyeshtushwa na kundi akayumba huishia mbele ya gari.

Kuna faida nyingine isiyopimwa kwa sekunde. Rwanda, ambako pia huendeshwa kulia, Gasore Hategeka alikuwa akisafirisha viazi kwa baiskeli kaskazini-magharibi mwa nchi, huku timu ya taifa ikifanya mazoezi kwenye barabara zilezile. Akawa akiwafuata, na mwishowe akawa mmoja wao. Philip Gourevitch alimwandika katika jarida la The New Yorker mwaka 2011. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mchezo huo haukujengwa na timu zilizowafukuza wabeba mizigo njiani. Mwanagenzi akijishika mkiani mwa kundi, anayemtangulia amweleze kwa maneno machache: kaa wa mwisho, acha nafasi ya urefu wa baiskeli moja, gurudumu lako lisipandane na la mwenzako. Akichoka ataachwa salama, na kesho huenda akarudi akiwa na nguvu zaidi.

Kundi lolote linalotaka kupita Hai Amarat kwa kasi liweke kengele kwenye kila usukani, limpe kiongozi mamlaka ya kupunguza mwendo bila kubishiwa, na limteue wa mwisho kabla ya kuondoka. Lisiloweza hayo liendeshe mmoja mmoja, kwa mwendo ambao kila mmoja anaweza kusimama ndani ya umbali anaouona.