Mistari ya Mkia wa Sato

Mjukuu wa kike wa jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, ana miaka saba. Bibi yake anauza samaki katika soko la Mwaloni, na yeye mwenyewe amekulia kati ya mizani, mabeseni na magamba. Jioni moja alikuja barazani kwangu nikamfungulia kitabu cha picha nilichomnunulia, kitabu chenye karatasi nzito na rangi nyingi, kinachowaeleza watoto habari za viumbe wa majini. Kwenye ukurasa wa sato akasita. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, kisha akasema, "Babu, huyu siyo sato. Sato mkia wake una mistari."

Nikatazama. Kweli, mchoraji alikuwa amechora samaki wa baharini, mwenye mwili wa buluu na mkia uliopasuka kama mkasi. Mkia wa sato wetu haupasuki hivyo. Ni mpana, na una mistari myembamba iliyosimama wima, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia shina la mkia hadi ukingoni. Mimi nimekula sato maisha yangu yote, na mistari ile nilikuwa nikiiona bila kuitazama. Mtoto anaijua kwa sababu yeye ndiye anayeshika mkia wakati bibi yake anampara samaki.

Aliniomba penseli. Nikampa, maana sikuona sababu ya kumnyima. Akachora mistari saba juu ya ule mkia wa buluu, polepole, ulimi nje, kisha akafungua ukurasa uliofuata kana kwamba sasa kitabu kimepata ruhusa ya kuendelea.

Tangu siku ile nimekuwa mgumu wa kusifu. Zamani nilikuwa nikiombwa maoni kuhusu kitabu cha watoto nasema upesi kwamba picha zinavutia, lugha ni nyepesi na maadili ni mema. Ukizipima, sifa hizo zinakitosha kitabu chochote kile, kizuri na kibovu, kama vile kofia ya mtu mzima inavyoingia kwenye kila kichwa cha mtoto. Kitabu cha mtoto ni kazi ya mikono, na mwenye kusifu kazi ya mikono hana budi aseme mkono umefanya nini. Fundi mitumbwi wa pale ufukweni hamwambii mwenzake kwamba mtumbwi wake unavutia. Anapitisha kidole kwenye maungio ya mbao, anatazama pamba ilivyozibwa, ndipo anasema.

Basi nianze na John Kilaka. Ni mtu wa Sumbawanga, na uchoraji wake umetokana na mkondo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga kabla hajafariki mwaka 1972. Kilaka ni msimuliaji na mchoraji kwa pamoja, na ngano nyingi alizozichora amezisikia vijijini. Kitabu chake kimojawapo kinamhusu sokwe mvuvi anayepeleka samaki sokoni huku mbwa mlafi akimwandama. Kilichapishwa Uswisi kwa Kijerumani, kisha mwaka 2005 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Fresh Fish. Ninachokisifu humo ni hiki: wanyama wake wamevaa nguo za maua na madoa, nguo za watu tunaopishana nao sokoni, lakini hakuna anayepotea ndani ya nguo. Sokwe amebaki sokwe na mbwa amebaki mbwa. Rangi zinapiga kelele pande zote, tena kwa makusudi, na bado jicho la mtoto linajua pa kwenda, kwa sababu Kilaka anajua kuacha nafasi nyuma ya kiumbe anayetaka aonekane. Kuijaza karatasi kila mtu anaweza. Kuacha nafasi ni ufundi.

Kinachoniuma ni njia ambayo kitabu kile kilipita. Samaki, soko, mvuvi, mlafi anayenyemelea kapu: kitabu kama hicho kilistahili kuanzia Mwaloni. Badala yake kilianzia kwenye rafu za Ulaya. Simlaumu Kilaka hata kidogo. Mchoraji huenda alipo mchapishaji anayeweza kulipa rangi nne za uchapaji, na kitabu cha picha ni ghali kukichapa kuliko riwaya ya kurasa mia mbili. Ndiyo maana nawaheshimu waliojaribu kuibeba gharama hiyo hapa nyumbani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka kwenye shule za vijijini, ili mchapishaji asiogope kuchapa. Ulifundisha waandishi, ulifundisha wachoraji. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha shirika la uchapishaji la Mkuki na Nyota, na kabla yao Elieshi Lema na Demere Kitunga walikuwa wameshaanza la kwao, E&D. Watu hawa waliamini kwamba mtoto wa Kitanzania anastahili kitabu kisichokuwa cha kiada, kitabu cha kusoma bila mtihani nyuma yake. Ni imani kubwa kuliko inavyosikika.

Kuna kitabu kingine ninachokirudia mara kwa mara, nacho kimetengenezwa Marekani. Muriel Feelings alifundisha Uganda, na aliporudi kwao akaandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi, kilichotoka mwaka 1971 kwa jina la Moja Means One. Mume wake, Tom Feelings, ndiye aliyechora. Mwaka 1974 wakatoa cha alfabeti, Jambo Means Hello, chenye maneno 24 kwa sababu Q na X hazina kazi kwetu. Vyote viwili vilipewa heshima ya tuzo ya Caldecott. Tom Feelings aliwachora watu wetu kwa mwanga na kivuli, bila rangi za kung'aa, na ngozi nyeusi kwenye karatasi zake inapokea jua kwa namna ambayo wachoraji wengi hawaijui. Wengi humchora mtoto mweusi kwa kujaza kahawia ndani ya mstari, basi, kama anayepaka rangi mlango. Feelings alitazama mahali ambapo jua linagonga paji la uso, na mahali ambapo linateleza shavuni.

Jambo hilohilo ndilo lililonifanya nimpende Sulwe, kitabu cha Lupita Nyong'o cha mwaka 2019, kilichochorwa na Vashti Harrison. Usiku katika kitabu kile si weusi mtupu. Una zambarau, una buluu nzito, una nuru ndani yake. Msichana anayehuzunishwa na weusi wake anaoneshwa uzuri wa usiku, naye msomaji anauona kwa macho kabla ya kuambiwa kwa maneno. Baadaye kikatoka pia kwa Kiswahili na kwa Kidholuo. Sulwe kwa Kidholuo ni nyota, kwa hiyo jina la kitabu kile ni la ziwa letu hili la Nyanza, linaloeleweka Kisumu na Rorya bila mkalimani. Aliyeutazama usiku wa Nyanza wakati wa giza, mwezi ukiwa umezama na wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao majini, atajua kwamba mchoraji hakutia chumvi. Usiku wa huku una rangi.

Sasa nifike kwenye vitabu vya maarifa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo, na ndipo uzembe ulipo pia. Tumezoea kuamini kwamba hadithi inahitaji msanii, ila maarifa yanahitaji mwalimu tu. Kwa hiyo kitabu cha sungura kinapata mchoraji aliyelala akiwaza, na kitabu cha samaki kinapata picha iliyookotwa popote. Samaki wa buluu aliingia kitabuni kwa mlango huo.

Lakini huku kwetu tunayo kazi inayotuumbua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Ni riwaya, tena ya watu wazima, ila nenda kaisome uone jinsi anavyoeleza kazi: kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kutibu. Haruki hatua. Aliogopa kwamba wajukuu watakuja kusahau mambo yanavyofanywa, kwa hiyo akaandika kama mtu anayemwelekeza kijana aliyesimama mbele yake na jembe mkononi. Mwandishi yeyote wa vitabu vya maarifa vya watoto angepanda feri kwenda Nansio, huko Ukerewe, kupumua hewa aliyoipumua mzee yule, nisingemcheka.

Na mada ziko tele, zimejaa majini. Chukua furu. Kwa mvuvi wa leo furu ni samaki mdogo wa chambo au kitoweo cha siku mbaya. Kwa wanasayansi ni ajabu ya dunia: aina zaidi ya 500 ndani ya ziwa moja, nyingi zisizopatikana popote pengine. Wako waliokula konokono, waliokula mwani, waliokula magamba ya wenzao, na kila mmoja taya lake liliumbwa kwa kazi yake. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, waliwachunguza hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza, wakishirikiana na wenyeji, na mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima juu ya yale waliyoyaona. Waliyoyaona yalikuwa mazito. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, aliongezeka ghafla miaka ya 1980 na furu wakatoweka mbele ya macho yao, aina kwa aina, nyingine zikiwa bado hazijapewa hata jina.

Furu jike hubeba mayai yake mdomoni. Vifaranga wakishatoka huogelea karibu na mama, na hatari ikija hukimbilia mdomoni mwake wote kwa pamoja, naye hufunga. Fikiria hilo kwenye kurasa mbili zinazotazamana: mama katikati ya maji ya kijani, vifaranga wametawanyika kama punje za mtama, na kwenye kona ya kulia kabisa, pale kidole cha mtoto kinaposhika ili kufungua ukurasa, kivuli kikubwa cha sangara, jicho lake likiwaka. Unafungua. Maji yako wazi. Mama yuko peke yake, mashavu yamevimba.

Hakuna neno hata moja ninaloweza kuliongeza hapo. Kitabu cha picha kina kitu ambacho redio haina na simu haina: ule muda mfupi ambao karatasi iko hewani, imeacha upande mmoja na haijafika wa pili. Fundi wa kazi hii huujenga muda huo kama wapiga ngoma wanavyojenga kimya kabla ya pigo. Tena habari hii yote ni kweli tupu. Hakuna sungura anayeongea. Ni furu tu, na mvulana wa Igombe anaweza kumleta nyumbani kwenye kopo.

Nakitamani kitabu hicho kuliko ninavyoweza kueleza. Natamani kiandikwe na mtu aliyekaa na wavuvi, kichorwe na mtu aliyemlaza furu kwenye kiganja na kuhesabu miiba ya mgongo wake, na kihaririwe na mtu anayethubutu kurudisha mchoro mara tatu. Natamani kiuzwe kwa bei ambayo mama wa Mwaloni anaweza kuitoa siku ya dagaa wengi. Na ninapoona michoro ya vijana wetu, wanaochora kuta za shule na mabango ya saluni hapa Mwanza kwa mkono usiotetemeka, najua kwamba mkono upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia: nenda kamtazame samaki kwanza.

Wiki iliyopita yule binti alirudi barazani. Sikuwa na kitabu kipya, kwa hiyo nikamsimulia Masala Kulangwa, kama wanavyoisimulia Wasukuma. Jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyowameza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Jinsi mtoto wake alivyokua, akaliua zimwi, akalipasua na watu wakatoka. Nikamwambia na lile la bibi kizee: kwamba kijana alipokuwa akipasua, kisu kilimkata bibi kizee sikio akiwa bado ndani, bibi akakasirika, ikabidi kijana amtafutie dawa amponye.

Binti alikuwa ameshika masikio yake yote mawili.

"Sikio lipi, babu? La kulia au la kushoto?"

Nimeisikia hadithi hii tangu utoto na sijawahi kuulizwa. Msimuliaji anaweza kupita juu ya sikio bila kulichagua. Mchoraji hataweza, na binti bado anasubiri jibu.