Damu ya Mattingly na Safari ya Apollo 13

Wanaanga wa Apollo walitolewa damu mara kadhaa kabla ya kuruka: mwezi mmoja hivi kabla ya safari, kisha wiki mbili, kisha siku chache tu. Maabara ilipima sukari, urea, kreatinini, kolesteroli, kalsiamu, potasiamu na vimeng'enya vya ini. Ugonjwa haukutarajiwa sana, maana watu hao walishachujwa wakachujika. Kilichotafutwa ni kiwango cha kawaida cha kila mmoja, ili akirudi damu yake ilinganishwe na damu yake mwenyewe, si na wastani wa watu wengine.

Aprili 1970 damu hiyo ilitakiwa kujibu swali la namna nyingine. Charles Duke, wa timu ya akiba ya Apollo 13, aliugua rubela aliyoambukizwa na mtoto wa rafiki zake, na alikuwa akifanya mazoezi pamoja na timu kuu. Ikabidi ijulikane nani kati ya Jim Lovell, Fred Haise na Ken Mattingly alikuwa na kingamwili za ugonjwa huo.

Kipimo cha rubela kilichozoeleka miaka hiyo kilitumia tabia moja ya kirusi chenyewe: hugandamanisha chembe nyekundu za damu ya ndege. Seramu ya mtu huchanganywa na kirusi katika vishimo vidogo vya sahani, kisha chembe hizo huongezwa. Seramu ikiwa na kingamwili, kirusi hufungwa mikono, na chembe huteremka zikatulia kama kitone chekundu katikati ya kitako. Isipokuwa nazo, chembe hushikana na kutanda kama utando.

Lovell na Haise walikutwa na kinga. Mattingly hakuwa nayo. Rubela hujificha mwilini wiki mbili hadi tatu kabla ya kujitokeza, kwa hiyo homa na vipele vingeweza kumkuta angani. Tena yeye ndiye aliyepangiwa kubaki peke yake akizunguka Mwezi wakati wenzake wakiwa chini. Siku chache kabla ya kuruka tarehe 11 Aprili, nafasi yake ilipewa Jack Swigert wa timu ya akiba. Na chanjo ya rubela ilikuwa imekwisha kuidhinishwa Marekani tangu 1969!

Kipimo hicho lakini hutambua asiye na kinga. Hakiwezi kubashiri atakayeugua. Mattingly hakuugua kamwe.

Kuanzia Apollo 14, Januari 1971, NASA iliacha kutegemea damu peke yake. Wanaanga walitengwa kwa siku 21 kabla ya safari, muda unaokaribia ule wa rubela kujificha, na waliokutana nao wakapunguzwa na kuchunguzwa afya. Mattingly aliruka na Apollo 16 mwaka 1972, mwenzake mmojawapo chomboni akiwa Duke.