Wanamchezea nani? Neno juu ya ngoma kwenye tablo

Bila shaka ile tablo mumeshaiona. Iko kwenye kuta za sale za sherehe, iko kwenye mapokezi ya hoteli, na ukivuka Kavimvira kwenda Bujumbura utaikuta tena kwa wachuuzi. Wanaume watatu, ngoma mbili, wanawake wamepinda kiuno, jua jekundu nyuma yao. Chini imeandikwa kwa Kifaransa kwamba hii ni ngoma ya asili.

Asili ya nani? Mi nimeiangalia mara nyingi na sijajua kama wale ni Wafuliiru, Wavira, Wabembe ao Warundi. Sijui kama kuna harusi, mtoto amezaliwa ao mtu amekufa. Na kwetu neno ngoma linabeba vyote: kinachopigwa, kinachochezwa, na shughuli yenyewe iliyokusanya watu. Mchoraji amechukua viwili vya kwanza, cha tatu amekiacha.

Kwa hiyo, mbele ya tablo ya namna hii nauliza swali moja: hawa wanamchezea nani?

Wazazi wetu wanalijua swali hilo. Miaka ya 1970, wakati wa Zaire, kulikuwa animasio: wanafunzi na wafanyakazi walicheza na kuimba sifa za Mobutu na chama chake, MPR. Hatua zilitoka vijijini, lakini uso wa mchezaji uligeuzwa kumwelekea mkubwa. Sisi tumerithi. Siku ya kolasio tunaita kikundi cha folklori, kinacheza dakika kumi juani, wakubwa wako chini ya hema, kisha sono inawashwa na sisi tunacheza rumba yetu.

Hata kwa wachoraji wa Kongo jambo hili si jipya. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hakutaka vijana wake waige Ulaya. Wazo zuri, lakini aliyeamua nini ni Afrika alikuwa yeye, na wanunuzi wakubwa walikuwa Wazungu. Ila Mwenze Kibwanga alipata njia yake. Alijaza miili na ardhi kwa mistari mifupi ya rangi, mpaka hata mtu aliyesimama kwenye tablo yake ni kama anatetemeka. Mwenzake Bela aliacha brashi, akachora na vidole. Kwa hao wawili, ngoma iko kwenye mkono wa mchoraji kabla ya kuwa habari ya picha.

Halafu kuna Moké wa Kinshasa (1950–2001). Yeye alichora baa: usiku, chupa mezani, watu wamevaa vizuri wanacheza. Hakuna manyoya, hakuna ngozi ya chui. Lakini kwangu mila iko humo kuliko kwenye tablo ya hoteli, juu unaona ni wapi, ni saa gani, na nani amewatuma: hakuna mtu. Wanachezeana wenyewe. Moké huyohuyo mwaka 1989 alichora msafara wa Mobutu na Mitterrand. Alijua umati unaomngojea mkubwa, alijua pia umati unaojifurahisha, na hakuuchanganya.

Mutaniuliza mchoraji wetu atakula nini. Kweli, mgeni ananunua jua jekundu, na mi simlaumu mwenye kutafuta unga. Lawama yangu ni kwetu sisi wenye diplome, tunaotundika tablo hiyo na kuiita utamaduni wetu. Wazee wanaojua majina ya hatua wanapungua. Wengine vita imewashusha kutoka milimani, na ngoma haihami kirahisi kama godoro. Kesho pengine tablo ndiyo itabaki. Ikiwa haina jina, watoto wetu watarithi viuno bila habari.

Basi ombi langu ni dogo. Ukimpa mchoraji kazi, mupeleke kwanza kwenye harusi ya kweli, Kalundu ao Sange, akae mpaka jioni, aone nani anaingia katikati na nani anampisha. Kisha aandike chini ya tablo mambo matatu: jina la ngoma, mahali, na sababu iliyokusanya watu. Nafasi haiwezi kukosa.

Na ile ya kwenu nyumbani, inamchezea nani?