Vidonda vya Mdomoni kwa Watoto Wenye Saratani: Saa Ndiyo Huamua

Utando wa ndani ya mdomo hujifanya upya kila baada ya wiki moja hadi mbili. Dawa za kemo huua seli zinazogawanyika haraka, hivyo utando huo huumia pamoja na saratani. Vidonda hujitokeza takriban siku ya 5 hadi ya 10 baada ya dozi, seli nyeupe za damu nazo zikiwa zinashuka. Bakteria wa mdomoni hupata njia ya kuingia kwenye damu, na mtoto aliyelalamikia ulimi jana leo anaweza kuwa na homa ya kumkimbiza wodini.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla kidonda hakijaonekana. Tuanze na barafu. Mtoto anayepewa melfalani kabla ya kupandikizwa seli za uboho hunyonya vipande vya barafu tangu dakika chache kabla ya dawa kuingia hadi baada ya kumalizika. Baridi hubana mishipa midogo mdomoni, damu yenye dawa ikapita kidogo; na kwa kuwa melfalani huondoka mwilini upesi, makali yake hupita utando ukiwa umehifadhika. Methotrekseti ya dozi kubwa ni habari nyingine: dripu yake huweza kuchukua saa 24, na hakuna mtoto wa kunyonya barafu usiku kucha. Hapo kinga ni lukovorini, inayotolewa kwa saa zilizopangwa baada ya dripu, huku kiwango cha methotrekseti kwenye damu kikipimwa na maji mengi yakisaidia figo kuitoa. Lukovorini ikichelewa, mdomo huumia vibaya. Anayeuliza kama barafu inafaa, basi, ataje kwanza dawa yenyewe na muda inaotumia kuingia.

Vidonda vikishatoka, mswaki laini na maji ya chumvi kidogo vinatosha kwa usafi. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huchoma bure. Fangasi na malengelenge ya virusi vitafutwe, maana vina dawa zake.

Yanabaki maumivu, na hapa ndipo watoto wengi hupunjwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji hutoa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Kumnyima mofini mtoto asiyeweza kumeza mate, kwa hofu ya uraibu, ni kumtesa. Daktari akishapanga kipimo, itolewe kila baada ya saa 4 bila kungoja kilio, na uji usogezwe kama nusu saa baada ya dozi.