Takhmisa ya Kompyuta: Nyimbo Pandanishi, Uhakiki na Swali la Hakimiliki

Ikisiri
Makala haya yanahakiki kazi za muziki zinazoundwa kwa kupandanisha rekodi za watu wengine na kusambazwa mtandaoni. Yanadai kwamba dhana ya takhmisa katika ushairi wa Kiswahili inatupa kipimo cha thamani ya kazi hizi ambacho mjadala wa hakimiliki umekikosa. Kwa kurejelea kazi za Danger Mouse na Girl Talk za Marekani, hukumu ya Ulaya ya 2019 na muziki wa singeli wa Dar es Salaam, yanaonyesha kwamba sheria humpa uhakika zaidi anayeficha chanzo kuliko anayekidhihirisha. Mapendekezo ya sera yametolewa mwishoni.

1. Utangulizi
Mwaka 2004 mtayarishaji wa muziki wa Marekani, Brian Burton, ajulikanaye kama Danger Mouse, alichukua sauti ya Jay-Z kutoka The Black Album (2003) na kuipandanisha juu ya ala alizozikatakata kutoka albamu ya The Beatles ya 1968, ile yenye jalada jeupe. Zao la weusi na weupe huo akaliita The Grey Album, yaani albamu ya kijivu. Kampuni ya EMI, iliyokuwa na mamlaka juu ya rekodi za The Beatles, ilidai usambazaji ukomeshwe. Tarehe 24 Februari 2004, tovuti zaidi ya mia moja ziliiweka albamu hiyo hadharani kwa makusudi, kupinga amri hiyo.

Tangu hapo maandishi mengi kuhusu sanaa hii yameongozwa na swali moja: je, ni wizi? Swali hilo ni halali, lakini limelimeza swali lililopaswa kutangulia: je, kazi hii inasema nini, na inakisema vizuri? Sheria isiyoweza kutofautisha kazi yenye jambo la kusema na kazi isiyo nalo haitaweza kumtendea haki mwenye rekodi wala mwenye kuiazima.

Neno lenyewe lina tatizo la istilahi. Jina la Kiingereza la sanaa hii likitoholewa moja kwa moja litakuwa mashapu, ambayo kwa Kiswahili ni machujo yanayotuama chini ya chombo. Kuiita sanaa kwa jina la machujo ni kuihukumu kabla ya kuisikiliza. Makala haya yanatumia wimbo pandanishi kwa kazi inayojengwa kwa rekodi mbili au zaidi zinazosikika pamoja, na rimiksi kwa utengenezaji upya wa wimbo mmoja.

2. Takhmisa kama kipimo
Wanafunzi wengi leo huijua takhmisa kama shairi la mishororo mitano katika kila ubeti, basi. Asili yake ni pana zaidi. Katika desturi ya ushairi wa Kiarabu iliyopokewa na washairi wa mwambao, mtunzi huchukua shairi la mwenzake lililokwisha kupata heshima, akautanguliza kila ubeti wa mishororo miwili kwa mishororo mitatu yake mwenyewe. Takhmisa ya Liyongo ni mfano mashuhuri: beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zimepanuliwa na mkono wa baadaye, unaohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi.

Mambo matatu katika desturi hiyo yanafaa kutiliwa maanani. Kwanza, chanzo hubaki kinasikika: mishororo ya mtangulizi haivunjwi, nayo ndiyo inayofunga ubeti. Pili, nyongeza hufasiri. Msomaji akifika kwenye mishororo ya mwanzo ya Liyongo, huwa amekwisha kuandaliwa na mishororo mitatu mipya kuisikia kwa namna nyingine. Tatu, mwenye chanzo hutajwa. Jina la Liyongo limo katika anwani. Anayeongeza bila kutaja, au anayetaja bila kuongeza, hajatunga takhmisa.

Nguzo hizi tatu, yaani kusikika, kufasiri na kutaja, ndizo tunazozitumia hapa chini. Hatudai kwamba watayarishaji wa Marekani waliijua takhmisa. Tunadai kwamba sisi tunaijua, na kwamba si lazima tusubiri nadharia kutoka kwingine ili tuhakiki jambo ambalo fasihi yetu ilikwisha kulipa jina.

3. Uhakiki wa kazi mbili
Thamani ya The Grey Album huonekana zaidi katika wimbo wa “December 4th”. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa Jay-Z, na katika rekodi ya awali mama yake mzazi anasimulia kuzaliwa na kukua kwa mwanawe. Danger Mouse ameiweka simulizi hiyo juu ya gitaa la “Mother Nature’s Son”, wimbo wa The Beatles unaomwimba mwana wa maumbile, kijana wa mashambani. Upandanishaji huu si wa bahati. Mama wa kufikirika wa wimbo mmoja amekabiliwa na mama halisi wa wimbo mwingine; mtoto wa mbuga amekabiliwa na mtoto wa majengo ya makazi ya Brooklyn. Gitaa lililokuwa likisifu utulivu sasa linasikika kama anasa ambayo si kila mtoto huzaliwa nayo. Sauti ya Jay-Z nayo hupungukiwa na majigambo na kuongezeka upweke. Kila wimbo umeusoma mwenzake, na usomaji huo haukuwamo katika wimbo wowote kati ya hiyo miwili. Hiyo ni takhmisa.

Gregg Gillis, aitwaye Girl Talk, alifuata njia tofauti. Albamu yake All Day, iliyotolewa bure mtandaoni Novemba 2010, ina vipande 372 vya nyimbo za wengine katika muda wa dakika 71 hivi. Kwa hesabu nyepesi, kipande kipya huingia kila baada ya sekunde 11 au 12. Ustadi wa kiufundi haukanushiki, na furaha ya kutambua ni kubwa: msikilizaji hutabasamu kila anapokutana na wimbo anaoujua. Lakini kutambua si kufasiri. Pale kipande kinapoondoka kabla hakijaulizwa swali, chanzo kinageuka kuwa beji ya kumbukumbu, na wimbo kuwa orodha. Kwa sehemu kubwa ya All Day, nguzo ya kusikika imesimama ilhali ya kufasiri imelegea.

Ushahidi wa hoja hii umo ndani ya albamu yenyewe. Mwishoni Gillis anapunguza pupa na kuuacha “Imagine” wa John Lennon uandamane na “One Day” wa kundi la UGK la Texas, wimbo wa kuomboleza. Ndoto ya dunia yenye amani inawekwa chini ya sauti za watu wanaohesabu waliokwisha kufa. Ghafla kazi ina jambo la kusema, kwa sababu nyimbo hizo mbili zimepewa nafasi ya kusikilizana. Idadi ya vipande, basi, si kipimo cha ubunifu wala cha kosa. Kipimo ni kile ambacho vipande hivyo vinaambiana.

4. Sheria na uhakika wa kuficha
Sheria imechagua kipimo kingine. Mwaka 2005, katika shauri la Bridgeport, mahakama moja ya rufani ya Marekani ilishikilia kwamba anayechukua hata kipande kidogo cha rekodi anahitaji leseni. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufani nchini humo ilikataa kufuata msimamo huo, na mgongano ukabaki. Ulaya nako, kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilimshtaki Moses Pelham kwa kutumia sekunde mbili hivi za “Metall auf Metall”, wimbo wa 1977. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtayarishaji wa rekodi anaweza kuzuia hata kipande kifupi sana kisichukuliwe, isipokuwa kimebadilishwa kiasi cha kutotambulika kwa sikio. Kuhusu nukuu, ilisema kwamba mwenye kunukuu lazima awe na nia ya kuingia katika mazungumzo na kazi anayoinukuu, na kwamba kazi isiyotambulika haiwezi kusemwa imenukuliwa.

Hukumu hii inastahili kusomwa kwa makini katika ukanda wetu, kwa kuwa ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa anayeficha: vuruga chanzo hadi asikijue mtu, nawe u salama. Wa pili ni wa anayedhihirisha: zungumza na chanzo waziwazi, lakini uwe tayari kuthibitisha mazungumzo hayo mbele ya hakimu. Mlango wa kwanza una uhakika. Wa pili unahitaji wakili. Kijana mwenye kompyuta na asiye na wakili ataingia upi? Desturi ya takhmisa ingemwona mwenye kuficha kuwa ndiye mwizi. Sheria inamwona kuwa ndiye mwenye hadhari.

Majukwaa ya mtandaoni yameongeza uzito wa tatizo. Content ID, mfumo ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007, hulinganisha sauti inayopakiwa na hazina ya rekodi zilizosajiliwa. Mashine hiyo hujua kwamba sauti mbili zinafanana. Haijui kwamba moja inaihakiki nyingine. Humnasa zaidi aliyeacha chanzo kisikike.

5. Singeli na suala la hadhira
Singeli, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, unalileta jambo hili nyumbani. Miongoni mwa mizizi yake ni uchukuaji wa vipande vya ala za taarabu, kuviharakisha na kuvirudiarudia, huku mghani akitamba juu yake kwa kasi inayoweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Masikio ya mwenyeji hutambua kinanda cha taarabu ndani ya kasi hiyo, na hutambua pia mzaha: muziki wa kuketi kwa staha na kutunza umegeuzwa kuwa wa kutoka jasho uchochoroni. Hapo nguzo za kusikika na kufasiri zimesimama bila msaada wa maandishi.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na singeli ikapata wasikilizaji Ulaya. Msikilizaji ambaye hajawahi kuisikia taarabu hawezi kutambua kilichoazimwa. Kwake kila kitu ni kipya, na kila kitu ni cha mtayarishaji. Kusikika kwa chanzo, kumbe, si sifa ya sauti peke yake bali ya uhusiano kati ya sauti na hadhira yake. Kadiri muziki unavyosafiri mbali na wanaokijua chanzo, ndivyo nguzo ya kutaja inavyokuwa ya lazima. Kutajwa kunawezekana: mwaka 2009 mwanamuziki wa Israeli aitwaye Kutiman aliunda mradi wa ThruYOU kwa kupandanisha video za wapigaji wasiojulikana waliojiweka YouTube, na akaweka viungo vya video zote za asili.

Pingamizi kubwa la hoja yetu ni la kiuchumi. Liyongo hakuwa na rekodi ya kuuza, na takhmisa haikumpunguzia chochote ila ilimwongezea sifa. Mpiga fidla wa kikundi cha taarabu ana watoto wa kusomesha. Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo maana kutaja hakutoshi pale fedha zinapoingia. Lakini lina upande wa pili: chanzo kisichotajwa hakilipwi. Sera inayowafanya vijana wafiche wanakoazima haimlindi mpiga fidla. Inafuta ushahidi wa deni lake.

6. Hitimisho na mapendekezo
Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, huruhusu nukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, mradi inalingana na desturi ya haki, na hutaka chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Kifungu hicho hakisemi kwamba nukuu ni ya maandishi tu. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, sheria za hakimiliki za nchi za ukanda zieleze bayana kwamba nukuu ya sauti ndani ya utunzi mpya inaruhusiwa pale ambapo chanzo kinatambulika, kimetajwa, na kazi mpya inakijibu badala ya kuchukua nafasi yake sokoni. Pili, kazi hiyo ikianza kuingiza mapato, mamlaka za hakimiliki ziwe na utaratibu mwepesi wa kugawana, usiohitaji wakili, na unaowafikia pia wapigaji wa ala. Tatu, madai yanayotokana na mashine yapitiwe na binadamu anayeijua lugha na muziki unaohusika kabla kazi haijaondolewa. Nne, mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yasanifu istilahi za eneo hili mapema, kwa kuwa sheria hurithi mtazamo wa maneno inayoandikiwa.

Uhakiki nao una wajibu wake. Hakimu atakayeulizwa kama kazi fulani inazungumza na chanzo chake atahitaji mtu wa kumsomea mazungumzo hayo. Kazi hiyo ni ya wahakiki, na mafunzo yake yamekuwamo katika ushairi wetu siku nyingi.