Glasi Tano Uani Munigi: Namna Kahawa ya Kivu Inavyopimwa Nyumbani

Kahawa ya Kivu husafiri mbali kabla ya kupata mtu wa kuionja kwa makini. Huvunwa kwenye miteremko ya Kalehe, Idjwi, Rutshuru na Beni, huoshwa, huanikwa, huuzwa ikiwa mbichi, kisha ladha yake huamuliwa na mwonjaji aliyeko Ulaya au Marekani. Mkulima huletewa bei tu. Ndiyo maana nimechukua kahawa ya upande wa Minova, aina ya Bourbon iliyooshwa, nikaipima hapa uani, Munigi, kando ya Goma, kwa mbabula (jiko la makaa) na bidoni za maji, ili kuona kama kazi ya maabara inaweza kufanyika nje ya nyumba na matokeo yake yakaaminika. Inawezekana. Lakini mwenye kuifanya lazima aanze na maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyoharibu karibu kila kitu mwanzoni.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, SCA, kinataka gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, maji yawe na joto la nyuzi 93 hivi, na kila sampuli ionjwe katika glasi tano. Glasi za kwetu zinachukua mililita 200, kwa hiyo kila moja ilipata gramu 11. Mizani haikuwa shida: ile midogo inayotumiwa na wanunuzi wa dhahabu mjini Goma husoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kwa kahawa inatosha kabisa.

Joto nalo Munigi inakupa bure. Tuko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 95. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akichemsha birika lazima asubiri lipoe kabla ya kumimina. Hapa unaliondoa motoni, unatembea hatua chache hadi mezani, na maji yameshafika pale kanuni inapotaka, bila kipimajoto. Tatizo liko upande wa pili. Asubuhi za Munigi ni baridi, na glasi iliyo nje hupoteza joto haraka, kwa hiyo nilizisuuza zote kwa maji ya moto kwanza na kuziweka nyuma ya ukuta wa mawe meusi, pale upepo usipofika.

Mahali pa meza pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwonjaji anafanya kazi kwa pua, na hewa ya hapa ina mambo yake. Siku nyingi moshi wa volkeno ya Nyiragongo husukumwa magharibi, kuelekea Masisi. Siku upepo ukigeuka, harufu ya kiberiti hufika mjini, na siku hiyo usionje kitu. Mbabula iwekwe upande ambao upepo unaelekea, mbali na glasi. Na usitafute bonde au shimo kwa kukimbia upepo. Wakaaji wa magharibi mwa Goma hadi Sake wanaijua mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia sehemu za chini, hasa usiku na alfajiri, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Imeua watu na mifugo. Meza ikae juu, kwenye uwazi.

Sasa maji. Munigi imejengwa juu ya lava. Mlipuko wa 17 Januari 2002 ulifungua nyufa kutoka mlimani hadi karibu na hapa, na ule wa 22 Mei 2021 ulishusha lava hadi Buhene na kuharibu hifadhi kubwa ya maji, mamia ya maelfu ya watu wakabaki bila bomba. Mawe haya yana matundu. Mvua inanyesha na kuzama papo hapo, hakuna mto. Basi tunachota ziwani na kupandisha bidoni za manjano kwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, au kwa pikipiki, tunanunua kwenye magari ya maji, au tunakinga mvua ya mabati.

Maji ya Ziwa Kivu, hata yakichemshwa vizuri, yanaiua kahawa. Nasema hivyo bila kusita. pH yake juu ya uso wa ziwa inakaribia 9, na yamejaa chumvi za bikaboneti zinazotokana na volkeno. Waonjaji hutaka maji ambayo uwezo wake wa kuzima asidi uko karibu miligramu 40 kwa lita. Ya Kivu yanakaribia 600. Kwa hiyo uchachu wa kahawa, yaani sifa ileile inayoifanya Bourbon ya kando ya ziwa itafutwe, unazimwa ndani ya glasi kabla hujauonja. Nilipata kinywaji cheusi, kizito, chenye ladha ya chaki na chumvi kwa mbali. Mtu angeionja hivyo angesema kahawa ya Minova haina kitu, na angekuwa amehukumu ziwa.

Mvua ikafuata, na yenyewe ikakosea kwa upande mwingine. Maji ya mvua hayana madini ya kuitoa ladha kwenye unga, hivyo kahawa ilitoka kali, nyembamba, yenye uchachu usio na utamu nyuma yake. Zaidi ya hayo, mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno hubeba asidi na floridi, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Mvua ya kwanza inayoosha mabati imwagwe. Mvua ya siku za moshi isikingwe kwa kahawa wala kwa kunywa.

Hesabu ikatoa suluhisho. Kama ziwa lina karibu 600 na mvua iko karibu na sifuri, sehemu moja ya ziwa ndani ya sehemu kumi na tano za mvua inakupa kitu kinachokaribia 40. Nilichanganya glasi moja ya maji ya ziwa na glasi kumi na tano za mvua safi, nikachemsha yote pamoja. Magnesiamu ya ziwa, ambayo ikizidi ni kero, ikiwa kidogo huvuta ladha vizuri. Huo ndio mchanganyiko uliotumika kwa kipimo chenyewe, na ninaupendekeza kwa yeyote wa Goma mwenye tangi la mvua. Asiye nalo atumie maji ya chupa yenye madini machache.

Kukaanga kulifanyika jana yake kwenye kikaango cha chuma, juu ya makaa yaliyokwisha kushika yote na kuacha kutoa moshi. Dakika kumi, mkono haupumziki, na kahawa ikaepuliwa muda mfupi baada ya kuanza kupasuka. Mwenye kukaanga hadi iwe nyeusi na kung'aa mafuta atakuwa anaonja moto wake, si shamba la mtu.

Katika kusaga ndipo wengi wanapoharibu kipimo bila kujua. Kahawa ya kila glasi ipimwe ikiwa punje, na isagwe peke yake. Ukisaga gramu 55 kwa pamoja halafu ukazigawa, punje moja mbovu itasambaa katika glasi zote tano, na hutajua kama ugonjwa ni wa gunia zima au wa punje moja. Kinu cha kutwanga hakifai, kinatoa vumbi na vipande kwa pamoja. Mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono inatosha, ikifutwa kila baada ya glasi.

Unanusa unga mkavu, unamimina maji, unasubiri dakika nne. Juu ya glasi hujitanda utando wa unga. Unauvunja kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa, maana harufu inayotoka sekunde hizo hairudi. Unaondoa povu, unangoja glasi ifikie joto ambalo ulimi unaweza kulivumilia, kisha unafyonza kwa nguvu ili kahawa itawanyike kinywani, na unatema. Unarudia inapopoa. Kwa baridi ya asubuhi ya hapa lazima uende upesi, kwani glasi hushuka joto haraka kuliko ndani ya nyumba.

Kwa mchanganyiko ule wa maji, kahawa ya Minova ilisimama. Ikiwa ya moto nilipata sukari guru na chai nyeusi. Ilipopungua joto ukatokea uchachu wa marakuja, safi, usiochoma. Ilipokaribia kupoa ukabaki utamu wa muwa. Uzito kinywani ni wa kati. Nimetumia majina ya matunda ya soko la Virunga, mjini Goma, kwa makusudi: mkulima ambaye hajawahi kuona matunda ya misitu ya Ulaya hawezi kufanya lolote na fomu inayomwambia kahawa yake inafanana nayo. Kwa fomu ya zamani ya SCA ya alama 100, glasi nne kati ya zile zilikuwa za kahawa ya 85.

Glasi ya tatu ilinuka viazi vibichi.

Kasoro hii ni ya nchi za Maziwa Makuu: Rwanda, Burundi, na kwetu Kivu. Inahusishwa na mdudu antestia, anayetoboa tunda la kahawa na kufungua njia ya bakteria. Kemikali inayozaliwa ni ya jamii ileile inayokipa kiazi harufu yake. Haimdhuru mnywaji. Punje haionekani tofauti sana kwa macho, na unainusa tu inaposagwa. Sasa angalia gharama yake. Kwa fomu ile, glasi moja mbovu hupoteza alama 2 za usafi na alama 2 za ulinganifu, kisha hukatwa alama 4 kwa kuwa ni kosa kubwa. Jumla 8. Kahawa ya 85 inakuwa ya 77, na mpaka wa kahawa maalumu ni 80. Punje moja kati ya mamia imeishusha daraja.

Vyama vya ushirika kama SOPACDI ya Minova, iliyoanza mwaka 2003, vimeonyesha kwamba kahawa ya pwani hii ya ziwa inaweza kuuzwa kwa jina lake, badala ya kuvushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda na watu kuzama. Lakini jina hilo linalindwa shambani: kupogoa miti ili antestia akose maficho, kutumbukiza matunda kwenye maji na kutupa yanayopanda juu, kuchambua punje mezani kwa mkono na kuondoa kila iliyotobolewa.

Hukumu yangu juu ya kahawa hii: shamba ni zuri, uoshaji ni mzuri, uchambuzi haukutosha. Mkulima anayeweza kupata glasi tano, mizani na mashine ya mkono, apime mzigo wake nyumbani kabla ya kuukabidhi, na akipata harufu ya viazi aurudishe kwenye meza ya kuchambulia kabla mnunuzi hajaigundua yeye.